Mstari Umepanda, Lakini Umepandishwa na Nini?

Mhadhara wa wazi, Dodoma, mbele ya wauguzi, wanafunzi wa afya na familia zinazouguza. Nimeuandika karibu kama nilivyousema, pamoja na maswali ya ukumbini.

Mbukwenyi!

Mmeitikia vizuri, hata wale walioletwa na SGR wiki hii. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mliokaa nyuma, sogeeni mbele, feni za huko hazifanyi kazi na jua la Dodoma mnalijua.

Mimi si daktari wa akili, niliseme mapema. Kazi yangu ni picha. Nakaa nyuma ya kioo cha chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, namwangalia mtu akiingizwa kwenye lile tundu, naongea naye kwa kipaza sauti. Nimeombwa nizungumzie habari ambayo wengi wenu mmeiona kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo: kwamba mtu analazwa ndani ya MRI, anaonyeshwa ubongo wake unavyofanya kazi palepale, halafu anajifunza kuupandisha au kuutuliza mwenyewe, na sonona inaondoka bila vidonge. Kuna baba mmoja kanishika mkono pale mlangoni, hata sijakaa, kaniuliza ni shilingi ngapi. Baba, swali lako nimelibeba, nitalifikia.

Kwanza tufanye kitu. Kila mtu aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, atafute mapigo. Umeyapata? Sasa vuta pumzi polepole, ndefu. Halafu itoe polepole zaidi. Usihesabu, fuata mwendo tu. Tena.

Nani kasikia mabadiliko? Naam, vijana wa kule kulia wamesikia. Ukivuta hewa moyo unachapuka kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo mzee ukiikosa usiogope, uko hai. Hapa hakuna aliyeuamuru moyo wake. Ila vidole vimekuletea habari ambayo kwa kawaida huipati, na ungekaa hivyo muda wa kutosha ungeanza kuona namna ya kuuchezea mwendo wenyewe. Kupata habari za mwili wako papo hapo na kuzitumia kujirekebisha, huo ndio mrejesho. Mengine yote nitakayosema jioni hii yamejengwa juu ya hilo.

Tatizo la ubongo ni kwamba hauna pa kushika. Una uzito wa karibu kilo 1.4, kama asilimia 2 ya mwili wa mtu mzima, na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Lakini hakuna mshipa wa fahamu unaokuletea taarifa kwamba sehemu hii imechangamka na ile imelala. Wenyewe hausikii hata maumivu, ndiyo maana madaktari bingwa wanaweza kuupasua mtu akiwa macho, wanaongea naye, wanamwambia ataje majina ya vitu. Huzuni unaihisi. Mahali huzuni inapofanyia kazi kichwani huwezi kupahisi. Lazima mtu au chombo akuonyeshe.

Chombo cha kwanza kilikuwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Mliowahi kumpeleka mgonjwa wa kifafa Mirembe mnaijua: nyaya kichwani, gundi kwenye nywele, mistari inatembea. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1924. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, Joe Kamiya alimkalisha mtu gizani, kila kengele ikilia anamwambia akisie: mawimbi ya alfa (yale ya ubongo uliotulia) yapo au hayapo? Akikisia anaambiwa umepata au umekosa. Watu wakajifunza kukisia sawasawa, baadaye wakajifunza hata kuyaita mawimbi yenyewe. Na mwaka 1999 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walitangaza kwamba wagonjwa waliopooza mwili karibu wote, wasioweza hata kusema, walijifunza kusogeza umeme wa ubongo wao na kuchagua herufi moja moja kwenye skrini mpaka wakaandika maneno. Kazi hiyo ilichukua majuma na miezi ya mazoezi. Mimi ningekuwa na wa kumpa heshima katika fani hii ningeanza na wagonjwa hao.

Lakini EEG inasikiliza kutoka nje ya fuvu. Vilivyo ndani kabisa inavisikia kwa shida. Hapo ndipo MRI ilipoingia.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo ikianza kufanya kazi, mwili unaipelekea damu yenye oksijeni, tena kuzidi mahitaji. Himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyoishiwa oksijeni, ambayo ndiyo inayovuruga usumaku, inapungua mahali hapo, na mashine inaona ishara imepanda. Imepanda kidogo sana, asilimia moja mbili hivi, ndani ya sumaku ambayo ikiwa ya Tesla 3 ina nguvu karibu mara 60,000 ya usumaku wa dunia. Hapo mashine haitumii mionzi, ingawa watu wetu bado wanatuita watu wa mionzi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba picha hizo zinaweza kuchambuliwa mtu akiwa bado amelala ndani, bila kusubiri kesho. Mlango ukafunguka.

Tuangalie mlango wenyewe, maana video za simu haziuonyeshi. Damu ni mvivu. Seli zikifanya kazi sasa hivi, ishara ya damu inafika kileleni sekunde tano au sita baadaye. Mnajua konda anavyomwelekeza dereva kurudi nyuma pale stendi ya Nanenane: njoo, njoo, kata kulia, hapohapo! Sasa sauti ya konda iwe inamfikia dereva sekunde sita baadaye. Anasikia "njoo" wakati ameshaingia kwenye meza ya mama ntilie. Ndiyo hali ya mtu aliye ndani ya mashine. Mstari anaouona ukipanda ni wa alichokifanya muda uliopita, na akiukimbiza kila unapotikisika anachanganyikiwa. Kwa hiyo anaambiwa ashike wazo moja kwa sekunde 30 au 40, asihangaike na kila mtikisiko.

Niwaeleze jaribio moja kwa undani, kwa sababu lilifanywa kwa adabu. Lilifanyika Tulsa, Marekani, likachapishwa mwaka 2017 na Kymberly Young na wenzake. Watu 36 wenye sonona, wasiotumia dawa wakati huo. Kwa watu wengi wenye sonona, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo pande zote mbili, inayoitwa amigdala, haichangamki inavyotakiwa wanapokumbuka jambo zuri. (Wanafunzi, msikariri kwamba amigdala ni ya woga tu.) Wazo lilikuwa kuwafundisha kuiamsha ile ya kushoto.

Mtu anavua vyote vya chuma. Sisi hapa tunajua shughuli hiyo: saa, mkanda, hereni, pini za hijabu, halafu ndiyo yanaanza mazungumzo marefu ya hirizi ya kiunoni. Analala chali, anawekewa vizibo vya masikio kwa sababu mashine inagonga kama fundi bati, kichwa kinabanwa kwa sponji, juu ya macho kuna kioo kinachomwonyesha skrini. Kwenye skrini kuna mhimili mwekundu unaopanda na kushuka. Sekunde 40 anapumzika. Sekunde 40 anakumbuka jambo la furaha lililomtokea kweli, huku akijaribu kuupandisha mhimili. Sekunde 40 anahesabu kurudi nyuma kutoka 300, ili akili itoke kwenye kumbukumbu. Anarudia, anarudia. Anagundua mwenyewe kwamba kumbukumbu fulani inafanya kazi na nyingine haifanyi. Harusi ya dada inaweza kuwa haipandishi chochote, lakini siku uliyooga mvua ukiwa mtoto ikapandisha. Mwisho kabisa mhimili unaondolewa, anaambiwa fanya vilevile bila kuonyeshwa kitu. Hapo ndipo inapojulikana kama amejifunza au alikuwa akiongozwa na taa tu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kuja. Wale 36 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilionyeshwa mhimili wa amigdala. Kundi la pili lilionyeshwa mhimili wa sehemu nyingine ya ubongo, huku juu nyuma, isiyohusika na hisia. Mashine ileile, kelele ileile, wahudumu walewale wenye tabasamu lilelile, mafunzo mara mbili kwa kila mtu, na wagonjwa hawakujua wako kundi gani. Mwisho wa utafiti, katika kundi la amigdala watu 12 dalili zao zilipungua kwa zaidi ya nusu. Katika kundi la pili, watu 2.

Matokeo mazuri. Madogo, lakini mazuri. Bila lile kundi la pili yasingekuwa na maana yoyote.

Mtanibishia: kwani mstari si umepanda? Umepanda. Umepandishwa na nini? Bana pumzi sasa hivi kwa sekunde 20. Hewa chafu inajaa kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka, damu inaongezeka kichwa kizima, na ishara ya MRI inapanda. Hujatuliza chochote, hujafurahi, umebana pumzi. Mtu anayejitahidi sana kuupandisha mhimili anabadilisha upumuaji bila kujua, vilevile mlivyobadilisha mwendo wa moyo hapa ukumbini. Akisogeza kichwa milimita moja, picha inayumba. Ndiyo maana wanaojua kazi wanamfunga mkanda wa kupima pumzi, wanafanya hesabu ya kutoa, ishara ya sehemu wanayoifundisha kutoa ishara ya sehemu nyingine ya ubongo, na bado hawaridhiki mpaka wawe na kundi la kulinganisha.

Na mashine yenyewe ukiipa uhuru inadanganya. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamemweka samaki ndani ya MRI, salmoni, mkubwa kuliko perege wetu wa Mtera, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka akisie watu hao wanahisi nini. Samaki alikuwa amekufa, kanunuliwa. Walipochambua data bila kurekebisha hesabu za maelfu ya vipimo vinavyofanywa kwa mpigo, vikaonekana vidoti vya "kazi" ndani ya ubongo wa marehemu. Walipozirekebisha, vikatoweka. Walipewa tuzo ya mzaha, ila somo lenyewe halikuwa mzaha, na mimi kila nikiona picha ya ubongo yenye rangi nyekundu kwenye tangazo namkumbuka yule samaki.

Kuna mfano unaoniuma zaidi kwa sababu unagusa wazazi. Kwa miaka mingi mafunzo ya EEG yameuzwa kwa wazazi wenye watoto wasiotulia na wasioweza kuweka umakini darasani. Watoto wanacheza gemu kwa ubongo, mara nyingi wanapata nafuu, wazazi wanashukuru kwa dhati. Kisha mwaka 2021 Marekani yakatoka matokeo ya jaribio kubwa, watoto zaidi ya 140, zaidi ya nusu wakipewa mrejesho wa ubongo wao na wengine mrejesho bandia. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya kuonekana. Tofauti kati yao haikuwepo. Nafuu ilikuwa ya kweli! Huenda ilitoka kwenye kukaa na mtu mzima mara kwa mara, kuzoea utulivu, matumaini ya nyumbani, mtoto kukua. Haikutoka kwenye mawimbi yaliyolipiwa.

Hapa mama mmoja aliyevaa kanga, safu ya tatu, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo mashine yenu inasoma mtu anachowaza?"

Shikamoo mama. Kwa namna unavyoogopa, hapana. Ukikubali kulala humo saa nyingi, kompyuta ikazoezwa kwa ubongo wako wewe, inaweza kukisia kati ya picha chache ni ipi unayoitazama. Siri zako za shamba haizijui. Na usipotaka ikisie chochote, tikisa kichwa, kazi imeharibika.

(Watu walicheka. Mama hakucheka, akasubiri niendelee, na alikuwa na haki.)

Lakini mama, wacha nikupe cha kuogopa zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Marekani waliwaweka watu kwenye MRI na kuwaonyesha duara la kijani. Wakaambiwa: fanya lolote kichwani mwako, duara liwe kubwa, likiwa kubwa utalipwa zaidi. Hawakuambiwa ni kitu gani kinachopimwa na duara hilo. Kwa kweli lilikua kila sehemu ya nyuma ya ubongo ilipofanana na hali ya kutazama mistari iliyolala upande fulani. Mistari yenyewe hawakuonyeshwa wakati wa mafunzo. Baada ya siku kadhaa wakawa hodari zaidi wa kuitambua mistari ya upande ule, na walipoulizwa walikuwa wakifikiria nini, majibu yao hayakuhusu mistari hata kidogo. Kwa hiyo ubongo unaweza kufundishwa kitu mwenyewe bila kujua anafundishwa nini. Wenye nia njema wametumia njia hiyo kujaribu kupunguza woga bila kumlazimisha mgonjwa akabiliane na anachokiogopa, na naipenda nia hiyo. Ila fomu ya ridhaa ya utafiti wa namna hii haitoshi kuwa karatasi moja ya kutia dole gumba. Mgonjwa aambiwe analengwa nini, au aambiwe waziwazi kwamba atafichwa na kwa nini.

Sasa baba wa mlangoni. Bei sina, kwa sababu kwenye hospitali zetu tiba hiyo haipo, na hata kwa wenzetu mafunzo ya ndani ya MRI bado ni utafiti. Kilichosogea ni kitu cha pembeni: watafiti wa Tel Aviv waliwarekodi watu kwa EEG na MRI kwa pamoja, wakaifundisha EEG kukisia kinachotokea kule ndani karibu na amigdala, ili baadaye mtu afunzwe kwa nyaya za kichwani bila lile tundu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kifaa cha namna hiyo kwa watu wenye majeraha ya akili baada ya matukio ya kutisha, kitumike pamoja na tiba nyingine. Njia ya kufika Dodoma, kama ipo, itakuwa hiyo ya nyaya. Kwa hiyo akija mtu na kofia inayowaka taa, anasema inatibu sonona, kifafa na mtoto mtundu kwa pamoja, muulize waliopewa kofia ya uongo walipata nafuu kiasi gani. Akianza kukuonyesha picha za rangi, rudisha mbuzi wako zizini. Na tafadhali, asiache mtu vidonge vyake kwa sababu ya video. Anayetaka kupunguza dawa aongee na aliyemwandikia.

Mnisamehe nikisema jambo la watu wa picha kujikata miguu. Saa moja ya MRI hapa Dodoma ina wenyewe: wa kiharusi, wa uvimbe kichwani, wa uti wa mgongo aliyetoka Kondoa au Mpwapwa tangu alfajiri. Na lipo jaribio lingine, halina sumaku. Harare, Zimbabwe, kina bibi waliofunzwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchambua matatizo yake moja baada ya lingine. Zahanati 24, watu 573, baadhi walipelekwa kwa bibi, baadhi wakapewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi, kwa tofauti kubwa. Mtaona nimewapa bibi na sumaku mtihani mmoja. Bibi wamefanya mtihani wenye watu wengi zaidi.

Swali la mwisho lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, mmoja wa wale waliosikia mapigo yao. "Mwalimu, ungepewa mashine hapa, ungeanza na nini?"

Ningeomba Jumapili jioni, foleni ikiwa imeisha na umeme umetulia. Nisingeanza na wagonjwa. Ningechukua wauguzi wenye afya waliotoka zamu ya usiku, niwafundishe kutuliza sehemu moja tu ya ubongo, mkanda wa pumzi ukiwa kifuani. Nusu yao wangeonyeshwa ubongo wao, nusu wangeonyeshwa rekodi ya ubongo wa mwenzao wakidhani ni wao, kisha wote waelezwe mwisho wa utafiti. Halafu ningewapima usingizi na uchovu bila mashine, baada ya mwezi.

"Na makundi yote mawili yakipata nafuu sawa?"

Tutaandika hivyohivyo, kijana wangu, kwenye mstari wa kwanza wa ripoti. Na hela itakayobaki tutachongesha mabenchi.